Mimi wa Lamu, farasi wa Kirgizia: nilivyofika ziwa Song-Köl

Watu wanne waliniambia sina haja ya kukodi kiongozi wa kunipeleka ziwa Song-Köl kwa farasi. Mmoja ni mwenzangu wa kazi hapa Sharjah, mmoja binamu yangu, na wawili nilikutana nao nyumba ya wageni Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia huko Asia ya Kati. Wote neno lao lilikuwa moja: huko juu ni majani matupu, njia unaiona kwa macho, huwezi kupotea, na si wewe ni mtu wa Lamu, umekulia juu ya punda? Baadaye niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda farasi. Wale wawili wa Bishkek walifika ziwani kwa gari.

Naandika haya kwa sababu bado nina uchungu wa siku niliyoipoteza, na kwa sababu nimefika. Nimefika Song-Köl kwa farasi, siku nne kwenda na kurudi, nikalala kwa wafugaji wa Kirgizia usiku tatu, mimi ambaye kwa miaka 11 ya kazi Ghuba safari zangu zote zilikuwa ni kwenda nyumbani na kurudi. Kama kuna dada wa pwani mwenye hamu hiyo, haya ni yake.

Kwanza wakati wa kwenda. Binamu alinihimiza niende mwezi wa Mei, eti tiketi ni rahisi. Alhamdulillahi sikupewa likizo. Song-Köl liko mita 3,016 juu ya usawa wa bahari, mkoa wa Naryn, na barafu yake huweza kukaa mpaka Mei. Wafugaji hawaishi kule mwaka mzima. Wana nyumba zao vijijini, watoto wao wanasoma, na theluji ikishayeyuka, kuanzia Juni, ndipo hupanda na mifugo kwenye malisho ya kiangazi wanayoyaita jailoo. Septemba wanashuka. Ukienda Mei utalikuta ziwa na upepo wake, hema hakuna, maziwa hakuna, wala mtu wa kukupokea. Mimi nilikwenda mwanzoni mwa Julai 2023, siku chache baada ya Idi ya mfungo tatu, ambayo wao huiita Kurman Ait, na kila nilipoingia nililetewa nyama ya Idi.

Kufika si kazi. Viza niliomba mtandaoni, ndege kutoka Dubai ni kama saa nne, na Bishkek nilikwenda kituo cha magari cha magharibi nikapata marshrutka, yaani matatu, inayoondoka ikijaa. Unapita korongo la Boom, mto Chu uko ubavuni unachafuka rangi ya chai ya maziwa, halafu unakata kuelekea milimani mpaka Kochkor. Nauli haikufika dola 7. Lala Kochkor angalau usiku mmoja, na kama unatoka usawa wa bahari kama mimi, lala mara mbili. Mji uko mita 1,800 hivi, na mwili unapata nafasi ya kuzoea kabla hujapanda zaidi. Mimi nililala mara mbili bila kupenda, kwa sababu ya ile siku, lakini kichwa hakikuniuma hata kidogo ziwani, na niliwaona watu waliotoka Bishkek moja kwa moja wamejilaza wanatapika.

Sasa ile siku.

Asubuhi nilichukua teksi ya kuchangia kutoka Kochkor mpaka kijiji kimoja chini ya milima, nikashuka penye nyumba yenye farasi watano uani. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo amevaa kalpak, ile kofia nyeupe ndefu ya sufu. Nikamweleza kwa mikono na kwa programu ya kutafsiri ya simu: farasi mmoja, bila mtu. Akanitazama viatu. Akanitazama mikono. Akauliza tena kama nimesema bila mtu. Nikasema ndiyo. Sina lawama na yeye hata kidogo; aliuliza mara mbili, mimi ndiye niliyekuwa nimejazwa maneno ya watu.

Alinitandikia farasi wa rangi ya kahawia, si mrefu, farasi wao wengi ni wadogo na wamejaa. Nikapandia jiwe. Na nikakaa nilivyozoea. Punda wetu wa Lamu hukaliwa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, na kifimbo kinamgusa shingo unapotaka ageuke. Ndivyo nilivyokaa: nyuma ya tandiko, mgongo umepinda, miguu imelegea katika vikuku vya kukanyagia.

Dakika ishirini za mwanzo farasi alikwenda kama maji. Nilifurahi, nikapiga picha, nikamtumia mwenzangu wa Sharjah. Tukafika kijito. Akainama akanywa, nikamwachia, mnyama ana kiu. Akavuka, akaanza kula majani. Nikavuta hatamu. Akainua kichwa kama mtu aliyesikia sauti ya mbali, akatulia, akarudi kula. Nikasema "chu", maana nilikuwa nimemsikia mwenye farasi akisema hivyo. Akapiga hatua sita. Nilizihesabu. Akasimama.

Hivyo tukaenda, hatua sita hatua saba, mpaka tukafika mgongo wa kilima ambapo kijiji kinapotea machoni. Hapo masikio yake yakalala nyuma. Halafu akageuka, polepole, bila hasira, kama jahazi linalobisha upepo, na akaanza kushuka kurudi. Nilivuta hatamu ya kushoto kwa nguvu zangu zote. Shingo ilikuja. Ilikuja yote, mpaka uso wake ukawa karibu na goti langu na jicho lake linanitazama, jicho kubwa la kahawia, nikaona kivuli changu ndani yake. Shingo imekuja, na miguu inakwenda kwao.

Nilimgeuza mara tatu. Mara ya tatu nikashuka, nikamkokota kwa miguu kupanda kile kilima, jua limekaza, pumzi inakatika kwa ule mwinuko. Nilipotaka kupanda tena hapakuwa na jiwe. Kikuku kiko kifuani pangu, na kila nikiinua mguu yeye anazunguka. Nilipofanikiwa hatimaye hakunisubiri nikae sawa. Alishika njia ya nyumbani kwa mwendo wa matiti, ule mwendo wa kurukaruka, na mimi nimekaa nyuma, mahali ambapo mrindimo ndipo unapogonga zaidi, ndani ya suruali ya jinzi. Jinzi nilishauriwa nayo pia. "Vaa jinzi, ni ngumu." Mshono wa ndani wa jinzi ulinichuna ngozi ya paja pande zote mbili, na nilikaa na alama zile wiki mbili.

Farasi alisimama uani penye mti wake, akaanza kulamba jiwe la chumvi. Mtoto wa mwenye nyumba, wa miaka kumi hivi, akaja, akavua tandiko, akarukia mgongo mtupu wa farasi yuleyule na kwenda naye shoti kwa njia ileile, kwenda kuwarudisha farasi majike. Nilisimama nikawatazama mpaka wakapotea nyuma ya kile kilima.

Hakuna aliyenicheka. Mke wa mzee alinikalisha akanimiminia chai. Mzee akaandika kwenye simu yangu, nikasoma: farasi hufuata farasi. Nikamwomba aandike tena, akaandika vilevile, akanionyesha kwa vidole viwili, kimoja mbele kimoja nyuma.

Hilo ndilo ambalo hakuna kati ya wale wanne aliyelijua. Wote walidhani kiongozi ni wa kukuonyesha njia, wakaona njia iko wazi, basi wa nini? Kiongozi ni wa farasi wako. Farasi wa kule ni wa kundi. Akiwa na mwenzake mbele anayemjua, anakwenda, mvua ije, kijito kije, mlima uje. Akiwa peke yake na mtu asiyejua kumshika, haoni sababu ya kuacha nyumbani. Ukimpa mgeni farasi peke yake umewatesa wote wawili.

Nikarudi Kochkor, na kesho yake nikafanya kama ilivyonipasa tangu mwanzo: nikaingia kwenye ofisi moja ya utalii wa kijamii, ambazo hapo mjini zipo kwa zaidi ya miaka ishirini, wakanipangia farasi, kiongozi mwenye farasi wake, na mahali pa kulala. Mwaka ule farasi alikuwa dola 20 na ushee kwa siku, kiongozi karibu mara mbili ya hapo, kulala na kula jioni na asubuhi kama dola 20. Siku zote nne, pamoja na teksi, hazikufika dola 400. Beba som, pesa yao, taslimu kutoka Kochkor, noti ndogondogo, huko mbele hakuna mashine ya pesa.

Kiongozi wangu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Nilimwita baike, yaani kaka mkubwa, na ndivyo inavyofaa kumwita mwanamume aliyekuzidi umri kidogo. Mwanamke aliyekuzidi ni eje. Akiwa wa umri wa mama, apa. Usiwaite watu kwa majina matupu.

Tulianzia kijiji cha Kyzart. Baike aliniona ninavyotembea, miguu imeachana kwa maumivu, hakusema kitu. Akatandika kigodoro cha kushonwa juu ya tandiko. Hapo nami nikatoa leso zangu, yaani kanga. Nilikuwa nazo tatu, na nasema kwa moyo wangu wote: mwanamke wa pwani akiwa na leso amebeba nusu ya vifaa vya safari hii. Moja niliikunja mara nne nikaiweka juu ya kile kigodoro. Ya pili, kuukuu, niliichana katikati kwa urefu, nikajifunga miguuni kuanzia kifundo hadi chini ya goti, kama bandeji, kwa sababu ule ugwe wa ngozi unaoshika kikuku hubana nyama ya mguu na kuikwangua. Suruali nilivaa ya pamba laini isiyo na mshono mgumu, na juu yake dera nililolipasua pembeni pande mbili. Ya tatu nilijitanda juu ya hijabu wakati wa upepo, usiku nikajifunika shingo, ziwani nikajifutia maji. Baike alishika ile leso ya miguuni, akaisugua kwa vidole, akasema "jakshy", nzuri.

Halafu akanirekebisha. Alinishika kisigino akakivuta chini. Akaniashiria nisogee mbele, mbele zaidi, mpaka nikawa katikati ya tandiko, mgongo umenyooka. Tofauti niliisikia saa ileile: farasi akipanda, mimi nainama mbele na kushika manyoya ya shingo yake, akishuka, naegemea nyuma na kukanyaga vikuku. Kumwendesha ni "chu", kumsimamisha ni "drrr", kwa ulimi unaotetema. Farasi wangu alikuwa wa kijivu, na pua yake ilikuwa hatua mbili nyuma ya mkia wa farasi wa baike tangu Kyzart mpaka ziwani.

Usiku wa kwanza tulilala Kilemche, bonde lenye malisho na hema nne tano zimetawanyika. Hema lao huitwa bozui. Ukuta wake ni fito zilizopishanishwa kama kimia, zinafunguka na kukunjika, paa ni miti iliyopindwa, na yote inashikwa juu kabisa na duara la mbao liitwalo tunduk, ndilo lile lililo katikati ya bendera yao nyekundu. Juu ya fito hizo wanavika mablanketi mazito ya sufu iliyogandamizwa. Usikanyage kizingiti cha mlango. Mgeni hukalishwa upande ulioelekea mlango, ndani kabisa, na ukiingia, mkono wa kulia ni upande wa wanawake na vyombo vyao, kushoto ni wa wanaume na matandiko ya farasi.

Mwenzangu wa kazi alikuwa amenionya nibebe vyakula vya makopo na nisiguse cha watu. Nilibeba makopo manane. Nayasikitikia, maana niliwabebesha farasi uzito wa bure. Eje mwenye hema alitandika kitambaa sakafuni, akamwaga juu yake lundo la borsok, na nilipoziona nilinyamaza kidogo, kwa sababu ni mahamri. Madogo, bila iliki na bila nazi, lakini yameumuka vilevile na yana uwazi uleule ndani. Yanakuja na malai mazito waitayo kaimak, na jamu ya matunda. Mkate usiupindue juu chini, na usiuweke chini penye kukanyagwa.

Chai inataka maelezo, kwa kuwa mimi nilikosea. Hutiwa kidogo, nusu bakuli au chini ya hapo. Nilidhani wamenibania. Nusu bakuli ni heshima: inakaa moto, na mwenyeji anapata sababu ya kukumiminia tena na tena. Ukimaliza ukarudisha bakuli, litarudi na chai. Nilikunywa tisa. Ukitosheka, funika bakuli kwa kiganja na useme rakhmat. Rakhmat ni ahsante, na ni rehema yetu hiyohiyo.

Na hapo ndipo usiku ulipoanza kuwa mtamu. Nilionyesha sanduku la mbao la rangi lililokuwa nyuma yangu, lenye magodoro yamepangwa juu yake mpaka karibu na paa, nikasema "sanduku". Eje akageuka haraka. "Sandyk," akasema. Nikachukua sabuni yangu kwenye mfuko: sabuni. "Samyn!" Msichana wao wa shule akaleta kitabu: kitep. Nikasema mwalimu, akasema mugalim. Habari ni kabar. Dunia ni duino. Akili ni akyl. Wakati ni ubakyt. Subira ni sabyr. Kila neno lilipopatana eje alipiga goti lake kwa kiganja. Baike akaja kusimama mlangoni, naye akataka kutoa lake, akasema "adam", akijionyesha kifuani, nikasema mwanadamu. Yale maneno ya Kiarabu yalikwenda kwao kwa njia za milimani, yakaja kwetu kwa jahazi, na tukakutana nayo juu ya kitambaa cha mahamri. Sina siku nyingine katika maisha yangu ninayoweza kuilinganisha na ile.

Salamu lakini zina tofauti. Nilikuwa nikisema Assalamu alaikum kwa kila mtu, wanaitika vizuri, ila eje alinifundisha kwamba hiyo kwao hutumiwa zaidi na wanaume, mwanamke husema "salamatsyzby". Baada ya kula kila mtu hufungua viganja, mkubwa anasema dua fupi, wote wanapangusa nyuso: oomin. Hilo sikuhitaji kufundishwa.

Usiku kuna baridi kali hata Julai. Jiko la bati linachochewa kwa mavi makavu ya mifugo, yanawaka vizuri na harufu yake si mbaya, lakini yakiisha yameisha, na alfajiri unaona pumzi yako. Magodoro matatu chini, mawili juu, kofia kichwani. Choo ni shimo lenye ubao, mbali na hema. Beba tochi na karatasi zako. Mbwa ni wakali kwa mgeni, kwa hivyo usilikaribie hema lolote bila kupaza sauti kwanza, wenyewe watoke.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Tunapanda mpaka njia ya mlimani iitwayo Jalgyz-Karagai, juu ya mita elfu tatu. Tulipokuwa karibu na kilele mbingu ikabadilika kwa muda wa kukunja mkeka. Upepo, halafu mvua ya mawe, mawe madogo kama punje za mtama, yanagonga kofia na mikono. Farasi wangu akasimama, akageuka, akaupa upepo mgongo. Nilishikwa na hofu, nikadhani ni yale ya juzi, anarudi kwao. Nikaanza kuvuta hatamu. Baike akapiga kelele, na kwa mkono akaniashiria nimwache. Yeye mwenyewe farasi wake alikuwa amegeuka vilevile. Tukakaa hivyo, farasi wawili wamegeuzia dhoruba matako, vichwa chini, na mimi nimelala juu ya shingo ya wa kijivu, leso yangu imefunika uso wangu na sikio lake moja. Alikuwa na joto. Nilimsikia moyo wake kwenye paja langu, polepole sana kuliko wangu. Robo saa hivi, mawe yakaisha, akajitikisa kama mtu anayevua koti lenye maji, akageuka mwenyewe, akaendelea kupanda. Beba koti la mvua la kweli, si lile la plastiki jepesi. Langu lilichanika hapohapo.

Halafu unafika juu, na ziwa liko pale.

Ni la pili kwa ukubwa nchini baada ya Issyk-Kul, karibu kilomita za mraba 270, na halina mti hata mmoja kando yake. Majani, mifugo, maji, milima yenye theluji kwa mbali. Mimi nimezaliwa mbele ya maji, na kilichonigusa ni kwamba nilitazama pande zote na sikuona tanga. Maji yote yale, na vinavyokwenda huku na huku ni farasi, makundi kwa makundi, na vitoto vyao vimelala majanini.

Tulishukia Batai-Aral, ufukweni, kwa apa mmoja na mwanawe na mkwewe. Nilikaa kwao usiku mbili. Siku ya kati sikwenda popote, na namshauri kila mtu asifanye haraka hapo.

Asubuhi nilimfuata mkwe kukamua. Farasi jike hakamuliwi kama ng'ombe. Vitoto hufungwa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa chini, na mama zao hawaendi mbali. Mtu mmoja anamleta mtoto, anyonye kidogo maziwa yashuke, halafu anamvuta pembeni lakini anamwacha agusane na mama yake. Mkwe akapiga goti moja, ndoo juu ya paja la goti jingine, mkono wake mmoja ukazunguka mguu wa nyuma wa farasi, na kukamua ni kwa haraka, muda mfupi tu. Baada ya saa mbili hivi wanarudia. Mchana kutwa.

Hayo ndiyo maziwa ya kymyz. Yanatiwa chombo cha ngozi kilichofukizwa moshi au pipa, yanachachuka, na yanapigwapigwa kwa mti uitwao bishkek, sawa na jina la mji mkuu. Wakenya wenzangu waliokunywa mursik ya kibuyu wataitambua ile harufu ya moshi. Ila kymyz ina kilevi kidogo ndani yake kwa ule uchachu, na mimi hilo lilinisumbua tangu Sharjah: nitakataaje kinywaji cha heshima ndani ya nyumba ya mtu? Njia niliipata kwa baike, na naiandika kwa ajili ya yeyote mwenye wasiwasi kama wangu. Omba saamal. Ni yaleyale maziwa ya farasi, mabichi, kabla hayajachachuka. Nilisema neno hilo moja, apa akaniletea bakuli likiwa bado na uvuguvugu. Ni mepesi, matamu, kama maji ya dafu yaliyotiwa tui. Hakuna aliyeudhika, wala sikulazimika kueleza chochote. Nyama ya farasi kwetu sisi wa Shafii haina neno, lakini sikuiomba. Siku zile nilimtazama yule wa kijivu kwa jicho jingine.

Samaki wapo, walipandikizwa enzi za Wasovieti. Mwana wa apa alileta wawili, apa akawakaanga kwa mafuta mengi na chumvi tupu. Nilikuwa na ndimu tatu kutoka Sharjah, nikazikata. Apa alijaribu, akafumba jicho moja, akaomba ya pili. Nilimwachia zote.

Kutawadha ni kwenye kopo la kuning'inia lenye kijiti chini: ukikisukuma juu, maji yanachuruzika. Alfajiri kijiti kilikuwa kimeganda, nikashuka ziwani. Kibla pale ni kusini-magharibi, nyuma ya milima. Kwetu Lamu tunaelekea kaskazini. Nilisali juu ya majani yenye sakitu, na nilipotoa salamu kulikuwa na kitoto cha farasi kimesimama kinanitazama.

Asubuhi ya nne, wakati wa kuondoka, nilimpa apa leso niliyokuwa nikijitanda, ndiyo iliyobaki nzima. Alisoma yale maneno ya chini kwa kidole, herufi moja moja, ingawa hakuyaelewa, nami nikamfasiria kwa kugusa moyo. Akaniingizia mfukoni kurut konzi mbili nzima, vile vidonge vya maziwa vilivyokaushwa, vigumu na vya chumvi. Viweke shavuni, usivitafune.

Tulirudi kwa njia ya Tuz-Ashuu, siku ndefu. Tulipovuka juu na kuanza kushuka upande wa pili, yule wa kijivu akasimamisha masikio. Aliyajua yale mabonde. Mwendo wake ukabadilika chini yangu, na baike akageuka kunitazama, maana alikumbuka niliyomsimulia ya siku ile. Nilisogea mbele katika tandiko, nikashusha visigino, nikamwachia hatamu. Alimpita farasi wa baike. Akaenda matiti kushuka lile bonde lote, na mimi nimekaa, napanda na kushuka pamoja naye, mpaka tukaona mabati ya Kyzart na akapunguza mwenyewe penye ua wake. Baike alifika nyuma yetu, akanyoosha mkono kunisaidia kushuka. Nikamwambia rakhmat, baike. Nikashuka mwenyewe.